Salname ya Basra Nyumbani kwa Bi Thureya

Picha iliingia kwenye simu yangu mchana mmoja wa Desemba, nikiwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi wangu chuoni, Dar es Salaam. Chini yake palikuwa na ujumbe: "Dada Salma, wewe si ulisoma Uturuki? Hii kitabu inasema nini?"

Mtumaji alikuwa Nasra, binti wa mama yangu mdogo Zuwena. Nasra amezaliwa Oman, anafanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha maji huko Tanuf, karibu na Nizwa, na Kiswahili chake hakijali ngeli. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Ulikuwa ukurasa wa mbele wa kitabu cha zamani, herufi za Kiarabu, lugha ya Kituruki cha zama za masultani. Nikasoma mstari wa kwanza: salname ya vilayet ya Basra. Nikasoma mwaka. Nikapiga kelele hata mwalimu wa chumba cha jirani akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Niwaeleze ndugu wasomaji kelele ile ilitoka wapi. Salname ni kitabu cha mwaka cha serikali. Neno ni la Kiajemi: sal ni mwaka, name ni andiko. Dola ya Kituruki ilitoa vitabu hivyo kwa ajili ya dola nzima, kisha kila vilayet nayo ikawa inatoa chake. Vilayet ni ndugu wa neno letu wilaya, ila ya kwao ilikuwa kubwa kupita mkoa. Ndani utakuta kalenda, majina ya wakubwa na makarani, shule, misikiti, masoko, mazao, mito, na umbali wa kutoka mji hadi mji. Anayetaka historia ya mikoani, mbali na kasri la sultani, huanzia humo. Lakini havisomwi kwa imani tupu. Karani mvivu alinakili cha mwaka uliopita, na aliyehamishwa zamani akaendelea kuandikwa kuwa yupo. Mkubwa mpenda sifa aliandika kuwa daraja limejengwa, kumbe zimefika mbao tu. Ndiyo maana mtafiti hutaka mfululizo, aweke mwaka huu kando ya ule na kulinganisha. Nami katika mfululizo wangu wa Basra kulikuwa na pengo. Toleo moja sikuwahi kulipata katika maktaba zote nilizofika, na kitabu ninachokiandika kilikuwa kinachechemea kwa ajili yake. Ndilo hilo lililokuwa mkononi mwangu, ukurasa mmoja tu, na doa la gundi pembeni.

"Kiko wapi?" nikamwandikia Nasra.

"Sijui. Picha nimepewa na mjalidi, nilipeleka kwake msahafu ya baba."

Likizo ilikuwa inakaribia. Nilipoonyesha tiketi, mwenzangu ofisini alitikisa kichwa. "Unapanda ndege kwa ajili ya ukurasa mmoja?"

"Kwa ajili ya zilizobaki," nikamjibu, na tayari nilikuwa nafunga begi.

Maskati niliiona kwa dirisha la gari tu. Nasra alinipokea uwanja wa ndege kwa kelele na manukato, akanivua begi, akaniweka mbele, na kabla sijamaliza kuuliza hali ya mama tukawa tumeshashika barabara ya Nizwa. Milima ya huko haina jani. Imesimama kama mifupa ya ardhi, rangi ya kahawia na zambarau, kisha ghafla bondeni unaona mitende imejazana kijani hata macho yanapumzika. Sisi watu wa Tabora tumezoea upeo mrefu wa miombo. Mimi nilikuwa nimebandika uso kwenye kioo kama mtoto.

"Dada, wewe umefurahi kwa kitabu au kwa mlima?" Nasra akauliza.

"Kwa vyote. Endesha."

Nizwa tulifika kabla ya adhuhuri. Duka la mjalidi, fundi wa kushona na kujalidi vitabu, liko kwenye kichochoro nyuma ya soko, chumba kimoja chenye harufu ya ngozi na wanga. Mwenyewe anaitwa Mzee Hilal. Aliondoka Unguja akiwa kijana, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa mitaa ya Mji Mkongwe. Anasema upesi huku mikono inashona. Hakuweka chini hata sindano alipoitikia shikamoo yangu.

"Marahaba, marahaba. Wewe ndiye msomi wa Kituruki? Mimi kila kitabu nakipiga picha kabla sijakifungua, nisije nikakirudisha kichwa chini miguu juu. Hicho mwenyewe ni Bi Thureya wa Sur, naye alitoka Unguja kama mimi. Alikileta, akakaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia mpaka nikamaliza. Nikamwambia, bibi, nenda kapumzike. Akanambia, mimi na kitabu changu hatutengani."

"Kwa nini anakipenda hivyo?"

Hapo sindano ikasimama. "Kwake yeye ni kitabu cha dua. Kimetoka kwa baba wa marehemu mumewe, aliyekuwa akisafiri Basra kuchukua tende. Mimi Kituruki sijui, lakini dua nazijua. Niliona majedwali na nambari, nikaona hizi si dua. Nikanyamaza. Kazi yangu gundi na uzi."

Nikahisi furaha yangu inapata kivuli. Nikamwomba namba ya bibi. Akasema namba ya mtu haitolewi bila idhini yake, akampigia mwenyewe palepale, simu ikiwa juu ya meza imefunguliwa sauti.

"Yupo mtu hapa anakisoma kitabu chako," Mzee Hilal akasema.

Ikaja sauti ya mwanamke mzima, nyembamba lakini imenyooka: "Anakisoma khasa, au anakitazama tu kama wenziwe?"

"Anakisoma khasa."

"Basi naje! Miaka yote namngoja mtu wa kunisomea dua zile."

Nasra akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Tanuf tulilala kwa Nasra, na asubuhi akanipeleka kwenye magofu ya mji wa udongo. Kuta zimebaki nusu, milango haina nyumba, na upepo wa baridi unapita kila palipokuwa na dirisha. Mimi huwa naweza kushinda mahali kama hapo, nikikisia jiko lilikuwa wapi na baraza wapi. Siku ile akili yangu ilikuwa Sur.

"Usimwambie," Nasra akasema. "Soma tu kwa sauti nzuri, piga picha yako, khalas. Yeye afurahi, wewe ufurahi."

"Nimsomee 'karani wa fedha, karani wa barua' kwa sauti ya dua, naye anaitikia amina?"

Nasra akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, lakini nilijua jambo lenyewe si la kucheka. Nikimwambia ukweli, huenda akaumia, akakifunika kitabu na nisikione tena. Nisipomwambia, nitarudi nyumbani na picha zangu zote, na kila nikizifungua nitamwona bibi wa watu akisema amina kwa orodha ya makarani. Nilitamani sana picha zile. Sifichi.

Kwenda Ibra tulipita njia ya Sinaw, ardhi tambarare, ngamia pembeni, malori yakitupita kwa honi. Mama mdogo Zuwena alikuwa anatungoja mlangoni. Yeye na marehemu baba mdogo walihamia Oman kutoka Bujumbura, wakafungua duka la vitambaa, na sasa kila Jumatano anauza kwenye soko la wanawake pale Ibra, soko ambalo mwanamume akisogea hutazamwa mpaka arudi alikotoka. Tulikula wali wa nazi kwa samaki, na juu yake halwa, na juu ya halwa maswali. Nikamweleza habari yote.

Mama mdogo hakusita. "Kumwambia utamwambia. Wewe mwalimu, utafundishaje watoto wa watu ukweli na wewe unaomba kwa uongo? Lakini sikiliza. Usimwambie mbele za watu, na usimwambie una haraka. Mtu mzima yule, ana presha kama mimi. Muda wa kuumia mpe, na wa kunyamaza mpe."

"Na akikikataza kitabu?"

"Chake." Akainuka, akafungua kabati, akanipa doti ya khanga ambayo haijavunjwa mkunjo. "Mpelekee. Na mimi sisemi hongo, nasema adabu."

Asubuhi ya Ijumaa tuliondoka Ibra. Al Mintirib ndipo mchanga unapoanza, na unaanza kweli: nyumba ya mwisho, ukuta, kisha kilima cha mchanga mwekundu kimeegemea ukuta kama kinataka kuchungulia ndani. Magari ya watalii yalikuwa yanapunguza upepo wa matairi tayari kwa kambi za jangwani. Nikamwomba Nasra asimame, nikavua viatu nikapanda kilima cha kwanza mpaka juu, nikashuka kwa makalio, mwalimu mzima. Nasra alipiga picha, nami nimemkataza kuituma popote.

Al Kamil wal Wafi tulisimama kunywa chai ya maziwa yenye iliki, ile wanayoiita karak, na kununua machungwa barabarani. Hapo nikaanza kufanya mazoezi ya maneno. "Bi Thureya, kitabu hiki ni kizuri sana, lakini..." Nasra akasema hilo lakini linatisha. "Bi Thureya, unajua serikali za zamani..." Nasra akasema hilo ndilo baya zaidi. Tulifika Sur sina sentensi hata moja.

Sur tuliingia baada ya sala ya Ijumaa, bahari ya buluu mkono mmoja na nyumba nyeupe mkono wa pili. Nyumba ya Bi Thureya ni ya ghorofa moja, ua mdogo, milango ya mbao iliyochongwa. Mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya mlango, mfupi, mtandio mweusi, macho makali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Piteni, piteni ndani, msisimame juani. Mmekula? Hamjala. Kaeni."

Tukala. Kisha Nasra, Mungu ambariki, akasema anataka kuteremka kuitazama bahari, akatuacha wawili. Bi Thureya akaleta kitabu kimefungwa kwa kitambaa cha hariri ya kijani. Akakifungua, akakibusu, akakiweka kwenye marufaa, ile meza ndogo ya kusomea msahafu. Jalada jipya la Mzee Hilal, na ndani yake karatasi zote, kamili, safi, hata ramani iliyokunjwa mwishoni!

"Soma," akasema. "Mwanangu Salim alipokuwa mdogo homa ilimshika siku nyingi. Nilikitia chini ya mto wake. Sasa Salim ana wajukuu. Soma nisikie nini nilichokuwa nakishika."

Mazoezi yote ya Al Kamil yalipotea. Nikasema tu: "Bibi, hiki si kitabu cha dua."

Nikaendelea hapohapo.

"Ni kitabu cha serikali ya Kituruki, cha mkoa wa Basra. Humo wameandikwa maafisa wa mwaka ule, na miji, na mazao. Mimi nimekitafuta kwa muda mrefu kwa kazi yangu, na nimekuja kwa ajili yake. Sikutaka nikisome huku wewe unadhani kingine."

Alinitazama. Akakitazama kitabu. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilikaa pale peke yangu na kitabu nilichovuka bahari kukifuata. Kilikuwa wazi, karibu kuliko kikombe changu cha kahawa, na simu ilikuwa mfukoni. Sikukigusa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikasikia maji ya udhu, kisha sauti yake ndogo ikisali upande wa pili wa mlango. Nilijiambia: haya, Salma, ndivyo ilivyo. Umeona jalada, umekunywa kahawa, mshukuru bibi urudi kwenu.

Mlango ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Akakaa palepale alipokuwa.

"Mwanangu alipona kwa Mungu," akasema. "Hakupona kwa kitabu. Hayo nilikuwa nayajua tokea hapo, nilijisahau tu." Akavuta pumzi. "Haya. Hao maafisa, wamekufa wote?"

"Wote, bibi. Zamani sana."

"Basi nisomee majina yao. Tuwarehemu. Nani mwengine atawakumbuka?"

Nikaanza. Nilisoma Kituruki kisha nikafasiri, na ajabu ni kwamba mara nyingi hapakuwa na haja ya kufasiri. Niliposema katib, akasema, "Katibu." Niliposema naib, "Naibu, enhe." Niliposema mudir, akapiga paja lake. "Mudir! Hata kwetu Unguja tulikuwa na mudir, akija shamba watu wote wanasimama. Kumbe Waturuki nao!" Kila jina, Mehmed Efendi, Salih Efendi, Abdülkadir Efendi, yeye alisema polepole, "Mungu amrehemu." Nami, niliyewahi kupita majina kama hayo kwa mamia nikiyahesabu kwa penseli, nikajikuta nangoja amalize kabla sijaenda mstari wa pili. Walianza kuwa watu.

Tukafika mji mmoja mdogo wa pembezoni mwa mkoa. Nikasoma: "Mkuu wa mji, Salih Efendi. Karani wa fedha, Mehmed Efendi. Daktari, münhal. Mwalimu wa shule, münhal. Mhandisi, münhal."

"Ngoja," Bi Thureya akasema. "Huyu Munhali ni nani? Kazi zote kapewa yeye?"

Nikacheka, nikamweleza kuwa si jina. Maana yake nafasi ipo wazi, hakuna mtu.

Yeye hakucheka. "Basi mji ule hauna daktari."

"Hauna."

"Wala mwalimu. Na mtoto akishikwa na homa pale?"

Wasomaji, mimi nimesoma salname kwa miaka, nimeliona neno hilo pengine mara elfu, na kila mara jicho langu liliruka kwenda kwa jina linalofuata. Nilikuwa nahesabu waliokuwepo. Nikarudi nyuma kurasa, nikarudi mbele, mbio mbio, nimemsahau hata mwenyeji wangu. Mji mkubwa: nafasi zimejaa, hata karani ana msaidizi. Miji ya mbali: münhal, münhal. Kitabu kilichotolewa ili kuisifu serikali kilikuwa kimeandika chenyewe, kwa wino wake, mahali ambapo serikali haikufika! Ukiweka mwaka kando ya mwaka, utajua daktari alikuja lini na aliondoka lini, shule ilipata mwalimu au ilibaki ukuta. Hiyo ni sura nzima ya kitabu changu, na sikuwa nimeiona.

"Bibi!" nikapaza sauti, nikamshika mikono. "Bibi, umenipa kazi ya miaka!"

"Mimi nimekuuliza tu," akasema. "Kunywa kahawa, inapoa."

Tulilala kwake, na alfajiri alinipa idhini ya kupiga picha kurasa zote, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayefungua kila ukurasa. Kidole chake chenye hina kimetokea pembeni mwa picha nyingi, na nimekataa kukikata. Alipokea khanga ya mama mdogo, akasoma jina lililoandikwa juu yake, akalicheka, akaivaa hapohapo. Tulipoaga alikuwa anakifunga kitabu kwenye hariri yake ya kijani. Nikamuuliza, bado atakiweka rafu ya juu pamoja na misahafu?

"Nitakiteremsha rafu moja," akasema. "Msahafu na ukae juu peke yake. Lakini hiki nacho kina majina ya watu ndani, hakiwekwi chini." Kisha akanishika bega. "Na ule mji wa Munhali, tumewarehemu maafisa, wenyeji hatukuwarehemu. Wale waliokosa daktari. Hao hawamo kitabuni?"

"Hawamo, bibi."

Akainua mikono palepale mlangoni, gari likiwa limeshawashwa, akawasomea Fatiha. Nasra akazima injini. Tukaitikia amina, sote watatu.

Njiani kurudi Maskati kwa barabara ya pwani nilizungumza bila kukoma, na Nasra, aliyedhani salname ni jina la chakula, akaniuliza maswali mpaka uwanja wa ndege. Dar es Salaam nilifika na joto la Januari na rundo la mitihani niliyoiacha. Yule mwenzangu wa ofisini akauliza kama safari ilifaa.

Nilimwambia nilichojifunza, nanyi nawaambia. Vitabu vya serikali vya mwaka ni mlango mzuri wa kuingilia historia ya mikoa, na ni vizuri kuvilinganisha na kuvishuku. Lakini msome kwa sauti, mbele ya mtu anayewajali watu. Mimi nilisoma peke yangu kwa miaka nikajua nani alikuwa na cheo. Alasiri moja Sur ndipo nilipojua nani alikuwa anamngoja daktari.